Neno 'Romantic' na Tatizo la Ulimbwende katika Uhakiki wa Kiswahili

Miongoni mwa istilahi ambazo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezirithi kutoka kwa Kiingereza, ni chache zilizotuletea utata kama ile inayotokana na kivumishi 'romantic'. Katika mazungumzo ya kila siku, mtu akisema kwa Kiingereza kwamba jambo fulani ni 'romantic', wasikilizaji wake hufikiri mara moja juu ya mapenzi: barua, maua, matembezi ya jioni ufuoni. Mtu huyohuyo akiingia katika darasa la nadharia, analikuta neno hilo likitumiwa kuwaelezea washairi fulani wa Ujerumani na Uingereza wa mwishoni mwa karne ya 18, nalo limefasiriwa kwa Kiswahili kuwa 'ulimbwende'. Akifungua uhakiki wa kazi za Shaaban Robert analikuta tena, safari hii likikaribia kuwa lawama: kwamba mwandishi ameupa uhalisi kisogo na kujisitiri katika ndoto. Maana hizi tatu hazitokani na wakati mmoja wala hazidai jambo moja. Hoja ya makala haya ni kwamba uhakiki wetu umekuwa ukiruka kutoka maana moja hadi nyingine pasi na kutambua, na kwamba aliyedhulumika zaidi kwa mruko huo ni Shaaban Robert. Ili hoja hiyo ieleweke hatuna budi kulifuata neno lenyewe tangu lilikotoka.

Asili yake ni jina la mji wa Roma, lakini si kwa njia ambayo wengi huidhania. Baada ya dola ya Kirumi ya Magharibi kuporomoka, Kilatini kiliendelea kuwa lugha ya kanisa, ya sheria na ya maandishi. Wakati huohuo, lugha iliyozungumzwa na watu wa kawaida katika nchi ambazo leo ni Ufaransa, Uhispania na Italia ilizidi kujitenga na Kilatini cha vitabuni. Kusema kwa lugha hiyo ya watu kulielezwa kwa kielezi 'romanice', yaani kwa namna ya Kirumi, kinyume cha kusema kwa Kilatini chenyewe. Mwaka 813, baraza la maaskofu lililokutana Tours liliagiza kwamba mahubiri yafasiriwe kwa lugha ya Kirumi ya watu wa mashamba, au kwa Kijerumani, ili kila mtu aelewe yasemwayo. Mwaka 842, wajukuu wawili wa Charlemagne walipoapishana mjini Strasbourg mbele ya majeshi yao, mmoja aliapa kwa lugha hiyo ya Kirumi ili askari wa nduguye wamsikie. Katika Kifaransa cha kale kielezi kile kiligeuka kuwa 'romanz'. Kwa hiyo, kabla neno hili halijahusiana na mapenzi, ndoto wala mandhari, lilikuwa jina la lugha ya umma iliyosimama kando ya lugha ya wasomi. Jambo hili husahauliwa mno, nasi tutalirejea.

Kutoka lugha hadi kitabu ni hatua fupi. Katikati ya karne ya 12, waandishi wa Kifaransa walianza kuzitia katika lugha ya watu habari zilizokuwa zimefungiwa katika Kilatini: vita vya Thebes, safari za Eneas, maangamizi ya Troy. Kila utungo wa namna hiyo uliitwa 'romanz' kwa sababu ya lugha yake. Chrétien de Troyes, aliyetunga visa vya mashujaa wa Mfalme Arthur katika nusu ya pili ya karne hiyo, alilitumia neno hilo kuitaja kazi yake mwenyewe. Baada ya vizazi kadhaa maana ya lugha ilififia, ikabaki maana ya kisa: kisa kirefu, aghalabu cha kishairi, chenye shujaa, safari, maajabu na uaminifu unaotiwa majaribuni.

Msomaji wa fasihi ya pwani yetu hatashangazwa na mwendo huu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate na ambao mwaka wake hutajwa kuwa 1728, ulizaliwa kwa njia inayokaribiana sana na hiyo. Masimulizi ya vita yaliyokuwa yamehifadhiwa katika Kiarabu, lugha ya dini na ya elimu, yaliletwa katika Kiswahili na kupewa bahari, vina na masikio mapya. Hamziya nayo ilipata Kiswahili chake kwa kuandamana na kasida ya Kiarabu ya al-Busiri. Hatudai kwamba Pate iliiga Ufaransa; dai kama hilo lingekuwa la kipuuzi. Tunadai tu kwamba tendo la kutia katika lugha ya watu kisa kilichomilikiwa na lugha ya wasomi, ambalo ndilo maana ya kwanza ya neno tunalolichunguza, lina historia yake kamili kwetu. (Kuna na sadfa nyingine inayofurahisha. Adui katika Tambuka ni Herekali, mfalme wa Rumi, yaani kaisari Heraclius wa Constantinople. Watu wake walijiita Warumi, na Waarabu wakawaita hivyo. Jina lililomo ndani ya 'romantic' lilikuwa limekwisha kufika Pate kwa mlango mwingine kabisa, likiwa jina la jeshi la kupigwa.)

Uingereza ililipokea neno hili kutoka kwa watawala wake waliozungumza Kifaransa. Mwanzoni liliweza kumaanisha Kifaransa chenyewe, au kitabu kilichotolewa katika Kifaransa. Kisha likamaanisha kisa cha mashujaa. Visa hivi vilipendwa kwa muda mrefu, na mwaka 1485 William Caxton alipiga chapa masimulizi ya Thomas Malory juu ya Arthur na wenziwe. Lakini nyakati zilibadilika. Mwaka 1605 Cervantes alitoa sehemu ya kwanza ya Don Quixote, habari za bwana aliyesoma visa vya mashujaa hadi akili ikamruka, na tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1612. Kivumishi 'romantic' kilianza kuonekana katika Kiingereza katikati ya karne hiyo ya 17, yaani baada ya kicheko kile kuwa kimekwisha kuenea. Ni muhimu tulielewe hili sawasawa. Nomino ilizaliwa katika heshima, lakini kivumishi kilizaliwa katika dhihaka. Kusema kwamba jambo ni 'romantic' kulikuwa kusema kwamba linafanana na yale yasemwayo katika visa, na kwa hivyo halina budi kutiliwa shaka. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliiweka hukumu hiyo wazi. Kwake neno lilimaanisha kinachofanana na hekaya na chenye ushenzi wa kimaumbile. Tena kisichoelekea kuwa kweli, cha uongo. Na tena cha kubuniwa, kilichojaa mandhari ya mwituni.

Maana hii ya mandhari ndiyo iliyokuja kuliokoa neno. Ikiwa visa vya kale vilijaa misitu, magenge na makasri yaliyobomoka, basi msafiri aliyeviona vitu hivyo kwa macho yake angeweza kusema kwamba ameona mahali pa 'romantic', bila ya kukusudia kebehi yoyote. Samuel Pepys alilitumia neno hili kwa kulisifu kasri la Windsor mwaka 1666. Kadiri karne ya 18 ilivyosonga mbele, ndivyo sifa ilivyoishinda lawama. Wafaransa, ambao walikuwa na neno lao 'romanesque' kwa maana ya kisa, waliona kwamba halitoshi, wakaazima upya kutoka kwa Kiingereza neno ambalo asili yake ilikuwa kwao. Letourneur alilijadili mwaka 1776 alipokuwa akimtanguliza Shakespeare wake wa Kifaransa, na Rousseau alilitumia kuelezea ufuo wa ziwa moja la Uswisi katika kitabu kilichotolewa mwaka 1782, baada ya kifo chake. Maneno nayo huenda ng'ambo na kurudi yakiwa na mavazi mengine.

Tufike sasa kwenye mkondo wenyewe, ambapo makosa mengi ya vitabu vyetu huanzia. Ni Wajerumani waliolifanya neno hili kuwa istilahi ya uhakiki. Mwaka 1798, katika jarida la Athenäum, Friedrich Schlegel alilitumia kutaja aina ya ushairi aliouona kuwa haukomi kukua na ambao ungeunganisha tanzu zote. Nduguye August Wilhelm, katika mihadhara aliyoitoa Vienna mwaka 1808, aliikabilisha fasihi ya namna hiyo na fasihi ya kikale ya Wayunani na Warumi. Mawazo yao yalienezwa na Madame de Staël, ambaye kitabu chake juu ya Ujerumani kiliharibiwa kwa amri ya serikali ya Napoleon mwaka 1810 kikiwa kimekwisha kupigwa chapa, kikaja kutolewa London mwaka 1813.

Na Waingereza je? Wordsworth na Coleridge walitoa Lyrical Ballads mwaka huohuo wa 1798, lakini hawakujiita kwa jina hili. Coleridge alilitumia neno katika Kubla Khan kwa maana ileile ya mandhari. Wahakiki wa zama zao waliwabandika majina mengine: kundi la Maziwa kwa Wordsworth na wenzake, kundi la Watu wa Mitaani London kwa Keats na wenziwe, na kundi la Kishetani kwa Byron. Byron mwenyewe aliandika mwaka 1820 kwamba amesikia huko Ujerumani na Italia kuna ugomvi mkubwa baina ya ukale na hili jambo jipya, na kwamba alipoondoka Uingereza mwaka 1816 mgawanyo huo haukuwa ukitumika huko. Walichokirejea baadhi ya washairi hawa ni nomino ya kale. Byron aliiita Childe Harold ya mwaka 1812 kwa umbo la kizamani 'romaunt', na Keats aliitaja Endymion ya mwaka 1818 kuwa 'romance' ya kishairi. Kuwakusanya wote chini ya paa moja ni kazi iliyofanywa na wanahistoria wa fasihi baadaye, katika karne ya 19, wakati washairi wenyewe wengi wao wakiwa makaburini.

Ndiyo maana mwaka 1924 Arthur Lovejoy alidai kwamba neno hili limekuja kumaanisha mambo mengi mno hata, likiachwa peke yake, halimaanishi kitu; akapendekeza tulitumie kwa wingi, kila moja likielezwa kivyake. René Wellek alimjibu mwaka 1949. Alisisitiza kwamba umoja upo, na kwamba unaonekana katika mtazamo wa ubunifu, wa maumbile, na wa taswira na visasili. Wanafunzi wetu hufundishwa zile sifa za Wellek, mara nyingi bila ya jina lake, kana kwamba ziliteremshwa zikiwa kamili. Swali la Lovejoy hawalisikii. Sisi tunaelekea kumkubali Wellek kuhusu Ulaya. Kwa Afrika Mashariki, onyo la Lovejoy ndilo tunalolihitaji zaidi.

Tuitazame sasa istilahi yetu. Mlimbwende, katika matumizi ya Kiswahili, ni mtu apendaye kujipamba na kuvaa vizuri. Ni jirani wa mtanashati na wa maridadi. Magazeti ya Tanzania huwaita wasichana wa mashindano ya urembo walimbwende. Ulimbwende basi ni hali ya kujipamba, na jicho la anayejipamba huwa kwa watazamaji. Aliyelichagua neno hili kuutaja mkondo wa Wordsworth bila shaka aliona uhusiano baina ya uzuri, hisia na mapenzi. Hata hivyo, dibaji aliyoiandika Wordsworth mwaka 1800 kwa toleo la pili la Lyrical Ballads ilipinga kitu hichohicho. Aliukataa msamiati wa mapambo uliokuwa umezoeleka katika ushairi wa karne yake, akatetea lugha inayosemwa na watu wa kawaida, hasa wa mashamba. Katika kufanya hivyo alikuwa, pengine bila ya kukusudia, akilirudisha neno kwenye maana yake ya kwanza kabisa, ile ya maaskofu wa Tours. Mkondo uliouvua ushairi vipuli na bangili tumeupa jina la kuvaa vipuli na bangili.

Inaweza kujibiwa kwamba istilahi haifungwi na asili yake. Jibu hilo lina uzito, na historia tuliyoieleza ni ushahidi wake: kama 'romantic' yenyewe iliweza kutoka kwenye uongo hadi kwenye sifa, kwa nini ulimbwende usiweze? Tungelikubali jibu hili lau kama asili ya neno ingekuwa imesahaulika. Kilatini cha 'romanice' hakuna Mwingereza anayekisikia sokoni. Mlimbwende, kinyume chake, bado anatembea mitaani, na maana yake ya mtaani huingia darasani pamoja na mwanafunzi. Yeyote aliyesahihisha mitihani ya nadharia anaijua hoja inayojitokeza mara kwa mara: shairi limesifu uzuri wa mwanamke, kwa hiyo shairi ni la kilimbwende. Kwa kipimo hicho Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi wakati mmoja na Wordsworth, anageuzwa kuwa mwenzake kwa sababu ya beti zake za mapenzi, ilhali mizizi ya beti hizo imo katika mila ya Waswahili ya kujibizana kwa mashairi. Hapa maana ya mapenzi, ambayo katika Kiingereza chenyewe ilipata nguvu nyingi kutokana na biashara ya riwaya nyepesi kama zile za Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1908, imevikwa joho la nadharia.

Madhara makubwa zaidi, hata hivyo, yamo katika usomaji wa Shaaban Robert. Huitwa wa kilimbwende kwa ujumla, na Adili na Nduguze (1952) hutajwa bega kwa bega na Utubora Mkulima (1968) kuwa ushahidi. Kazi hizi mbili zinahusiana na neno letu kwa njia mbili tofauti kabisa.

Adili na Nduguze ni kisa katika maana ile ya karne ya 12. Kiini chake kimetoka katika Alfu Lela Ulela, kwenye habari za Abdallah bin Fadhil na nduguze, ambao katika masimulizi ya Kiarabu wamegeuzwa mbwa na kwa Shaaban Robert wamekuwa manyani. Historia ya kazi hiyo inaturudisha kwa wanazuoni wa Ulaya waliotafuta chimbuko la visa vyao wenyewe. Askofu Huet, mwaka 1670, alilitafuta chimbuko hilo kwa watu wa mashariki, Waarabu wakiwemo. Thomas Warton, katika juzuu ya kwanza ya historia yake ya ushairi wa Kiingereza ya mwaka 1774, alidai kwamba ubunifu wa aina hii uliingia Ulaya kutoka kwa Waarabu kwa njia ya Uhispania. Nadharia ya Warton haikubaliwi leo kwa ukamilifu wake, lakini hakuna anayekataa kwamba tafsiri ya Kifaransa ya Galland, iliyotoka kati ya 1704 na 1717, iliinywesha Ulaya Alfu Lela Ulela hadi ikalewa. Kwetu masimulizi haya hayakungoja Wazungu. Edward Steere aliyakusanya baadhi yake kutoka vinywani mwa watu wa Unguja na kuyachapisha mwaka 1870, ikiwemo hekaya ya Mohammadi Mtepetevu. Kisha yakaja tena kwa maandishi katika tafsiri ya Kiswahili ya Brenn na Johnson ya mwaka 1929, mwaka uleule ambapo Johnson aliitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani kutoka kwa Rider Haggard. Mwandishi aliyesimama mahali mikondo hii inapokutana hana haja ya kusemwa kwamba ameukimbia uhalisi. Ameandika hekaya, na hekaya ina kanuni zake. Neno hilo tunalo, linaeleweka, na halihitaji kuazimwa. Kusadikika (1951), nchi iliyo angani, ni hekaya vilevile, na hakuna aliyeisoma kesi ya Karama akashindwa kuona kwamba maajabu yake yanahusu utawala wa ardhini. Anayemlaumu Shaaban Robert kwa maajabu hayo anamhukumu kwa kamusi ya Johnson ya 1755.

Utubora Mkulima haina majini. Ni habari za mtu anayeiacha kazi ya mjini na kwenda kulima, na uhusiano wake na mkondo wa Wordsworth unaweza kujadiliwa kwa haki: heshima ya kazi ya mikono, maumbile kama mwalimu, mji kama mahali panapomchosha mwanadamu. Kwa mjadala huo tungependelea neno la mkopo, uromantiki, ambalo linakuja kwetu likiwa tupu na tunaweza kulijaza kwa uangalifu, badala ya ulimbwende, ambao unakuja ukiwa umejaa. Mwenye kuona mkopo huo unakwaruza masikio na aendelee kusema ulimbwende, mradi aseme ni wa nani na wa mwaka gani.

Mwaka nao una neno lake katika riwaya hiyo. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kitabu kilitoka mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, kikawafikia wasomaji waliokuwa wakisikia kila siku kwamba kurudi shambani ni wajibu wa taifa. Utubora aliyeandikwa hakuwa amesikia habari za Azimio hilo, ila Utubora aliyesomwa alikuwa tayari mwanakijiji wake. Kazi ya kuwatenganisha hawa wawili, kwa kuyafuata maandishi yenyewe na tarehe zake, haijakamilishwa.